Mbwa wa kulinda kondoo hachaguliwi kwa ukali

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wafugaji wenzangu wenye makundi madogo, wale wa kondoo kumi, ishirini, hadi hamsini hivi, wanaotafuta mbwa wa kulinda mifugo yao. Wengi wao wakikutana na muuzaji, swali la kwanza ni hili: mbwa huyu ni mkali kiasi gani? Swali hilo limeua kondoo wengi. Mbwa mkubwa, mkali, ambaye hakukulia na kondoo, akiingizwa zizini huwa adui wa pili, tena adui anayelishwa na mwenye mali. Cha kuuliza kwanza ni kama anaweza kuachwa peke yake na kondoo usiku kucha, asubuhi wakakutwa wote wazima na wametulia. Ukali dhidi ya adui huja baadaye, na kwa mbwa wa mbegu inayofaa huja bila kufundishwa.

Kazi yenyewe ieleweke kwanza. Mbwa wa kuswaga na mbwa wa kulinda hawafanani hata kidogo. Mbwa wa kuswaga, kama Border Collie, humkazia kondoo macho, hunyemelea, huzunguka kundi, na kondoo hukimbia kwa sababu wanamwona kama mwindaji. Mchungaji hutumia hofu hiyo kuwapeleka anakotaka. Mbwa wa kulinda ni yule ambaye silika hiyo ya kuwinda imefifia kwa karne nyingi za kuchaguliwa. Hafukuzi kondoo, hawakodolei macho, analala katikati yao. Adui akija hubweka, hujitokeza mbele, husimama kati ya kundi na kinachokuja. Kila siku hukojoa mipakani mwa malisho, na wanyama wengi wakinusa harufu hiyo hubadili njia. Kupigana ni hatua ya mwisho kabisa, na mbwa anayepigana kila wiki hadumu. Kwa hiyo mtu akikuuzia chotara wa mbegu hizi mbili akakwambia umepata kazi mbili kwa mbwa mmoja, kataa. Unaweza kupata mnyama mwenye nguvu ya mlinzi na hamu ya kufukuza ya mswagaji, na hakuna mchanganyiko mbaya zaidi ya huo. Chotara wa mbegu mbili za ulinzi hana tatizo lolote.

Raymond na Lorna Coppinger, watafiti waliofanya kazi na mbwa hawa katika Hampshire College nchini Marekani kuanzia miaka ya 1970, waliwapima kwa sifa tatu: mbwa awaaminishe kondoo kwamba hatawadhuru, awafuate na kukaa karibu nao, na awakinge. Mpangilio huo una maana. Mbwa anayekinga lakini hafuati kundi atakuwa anabweka mlangoni kwako huku kondoo wako mita 500 mbali. Anayefuata lakini haaminiki ndiye atakayemtafuna mwanakondoo. Ukimtazama mbwa yeyote, mpime kwa sifa hizo tatu kwa mpangilio huohuo.

Sasa mbegu. Great Pyrenees wa milima iliyo kati ya Ufaransa na Uhispania ni mtulivu kwa watu na ana subira kwa wanakondoo, lakini anapenda kupanua mipaka. Uzio dhaifu haumzuii. Ana kucha mbili za ziada katika kila mguu wa nyuma ambazo hazigusi ardhi, na usipozikata hujikunja zikaingia kwenye nyama. Maremma wa Italia ni mdogo kidogo, kati ya kilo 30 na 45, na kwa kawaida hukaa karibu zaidi na kundi, jambo linalomfaa mwenye eneo dogo. Kangal na Anatolian wa Uturuki wana manyoya mafupi, miguu mirefu, na dume hufika kilo 50 hadi 65. Wanastahimili joto vizuri na hupambana kwa bidii, ila ujana wao ni mgumu na wanahitaji mfugaji mwenye uzoefu. Akbash, pia wa Uturuki, ni mweupe na mwepesi zaidi. Komondor wa Hungaria ana manyoya yaliyosokotana kama kamba, yanayonasa miiba na matope, na kwa mfugaji wa nchi yenye mvua nyingi au vichaka hiyo ni kazi ya kila siku. Kwa anayeanza, mwenye kundi dogo na majirani karibu, ningemshauri Maremma au Pyrenees mtulivu kabla ya Kangal. Manyoya mazito yasiwatishe sana walio kwenye joto, mradi kuna kivuli na maji. Usimnyoe mbwa, maana manyoya hayo humkinga pia na jua.

Hata hivyo jina la mbegu lisikupumbaze. Mwaka 1833 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliwakuta Uruguay mbwa waliokuwa wakilinda makundi makubwa ya kondoo maili kadhaa kutoka nyumba yoyote, bila mtu. Alieleza walivyolelewa: mtoto wa mbwa alitenganishwa na mama yake mapema, akashikiwa kondoo jike anyonye mara tatu au nne kwa siku, akatengenezewa kitanda cha sufu zizini, na hakuruhusiwa kuchangamana na mbwa wengine wala watoto wa nyumbani. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Kituruki tangu 1994 ili mbuzi na kondoo wasiliwe na duma na duma wasiuawe. Jirani zao Botswana wamethibitisha kwamba mbwa wa kienyeji aliyelelewa zizini tangu utotoni anaifanya kazi hiyo vizuri, kwa gharama ndogo na bila kusumbuliwa sana na hali ya hewa. Kisiwani Middle Island, Australia, mbwa aina ya Maremma waliwekwa mwaka 2006 kulinda pengwini wadogo dhidi ya mbweha, baada ya ndege hao kubaki wachache mno. Mbwa hakuzaliwa akipenda pengwini. Alizoeshwa. Damu humpa mbwa utulivu na wepesi wa kuzoea mifugo. Malezi ndiyo yanayomwambia mifugo hiyo ni akina nani.

Kabla ya kutafuta mbwa, pima kwako. Kundi dogo linaweza lisihitaji mbwa kabisa. Ikiwa kondoo wanaliwa usiku tu, zizi imara lenye mlango unaofungika na ukuta usiochimbika litafanya kazi zaidi ya mbwa, halili na halibweki. Ikiwa malisho yako ni kipande chembamba kilichozungukwa na nyumba za watu, mbwa wa kulinda atakuletea ugomvi wa kila usiku, kwa sababu kubweka ndiyo kazi yake. Ikiwa huna uzio, usianze na mbwa. Anza na uzio. Waya wa matundu wenye urefu wa sentimita 120, uliogusa ardhi vizuri, na waya mmoja wa umeme upande wa ndani kimo cha sentimita 20 kutoka chini ili asichimbe, na mwingine juu ili asiparamie, unawatosha mbwa wengi. Mbwa mchanga akikutana na waya wa umeme kwa mara ya kwanza uwe karibu, usiseme neno; akishtuka huku wewe unamwita ataihusisha sauti yako na maumivu, au mbaya zaidi, kondoo waliosimama karibu.

Tazama pia kondoo wenyewe. Mbwa hulinda kundi kwa urahisi likiwa pamoja. Kondoo wa Merino na jamii zake hukusanyika wakishtuka. Aina nyingine hutawanyika kila mmoja na njia yake, na hapo mbwa mmoja anahangaika. Adui naye ana uzito wake katika hesabu. Mbweha mmoja mmoja au mbwa koko wawili, mbwa mlinzi mmoja aliyekomaa huwamudu. Kundi la mbwa mwitu au fisi ni habari nyingine; mbwa wa peke yake atauawa, na chui huwinda mbwa wenyewe. Mahali kama hapo panahitaji mbwa wawili au watatu waliokomaa, pamoja na zizi la usiku. Idadi ya mbwa haitokani na idadi ya kondoo. Inatokana na adui, ukubwa wa eneo na vichaka vilivyomo.

Uamuzi unaofuata ni kuchukua mtoto au mbwa mzima. Kwa mtu ambaye hajawahi kufuga mlinzi, mbwa wa miaka miwili au zaidi ambaye tayari anaishi na kondoo, na umemwona kwa macho yako akiwa nao, ndiye bora. Utalipa zaidi, lakini umenunua miaka miwili ya usumbufu ambayo mwingine ameshaimaliza. Muuzaji aseme wazi kwa nini anamtoa. Sababu kama kupunguza mifugo au kuhama inakubalika. Jibu la kukwepakwepa lifuatilie: anaruka uzio? Aliua mwanakondoo? Anakula kuku? Mbwa anayeruka uzio kwa muuzaji ataruka na kwako. Omba muda wa majaribio wa mwezi mmoja, na makubaliano yaandikwe.

Mbwa mzima haingizwi moja kwa moja kundini. Mweke jirani na kondoo, waya katikati, kwa wiki moja hadi mbili, na kondoo uwalishie karibu na waya huo ili waje wenyewe. Kondoo waliowahi kukimbizwa na mbwa watagonga miguu chini, watajikusanya kona moja na kutetemeka, usiwalazimishe. Wakianza kula huku wamempa mgongo, ndipo umwingize kwenye kitalu kidogo mchana, wewe ukiwapo. Kitalu kikubwa baadaye.

Ukichagua mtoto, uchaguzi unaanza kwa wazazi. Nenda uwaone wote wawili kazini, wakiwa na kondoo, si wamefungwa nyuma ya nyumba. Baba akiwa mlinzi wa geti na mama ndiye wa kondoo, umepata nusu. Wazazi waonekane wanakubali kushikwa na mwenye mali, maana mbwa asiyeshikika hachanjwi wala hatibiwi kidonda. Nyonga ni udhaifu wa mbwa wakubwa wengi, hivyo kama kuna picha za eksrei za nyonga za wazazi, omba uzione. Watoto wawe wamezaliwa na kulelewa mahali wanaposikia na kunusa kondoo. Akili ya mbwa hupokea marafiki kwa urahisi kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, kisha mlango huo hujifunga taratibu. Mtoto aliyekaa wiki 16 sebuleni na watoto wa binadamu ameshachagua jamii yake. Mchukue akiwa na wiki 8. Kabla ya 7 hajajifunza kutoka kwa mama na ndugu zake kuzuia nguvu ya taya, na hilo utalilipia kwa masikio ya kondoo.

Uzao wa watoto wanane haufanani. Kaa nao angalau saa moja, kabla ya kulishwa na baada ya kulishwa. Yule anayewapanda wenzake wote, anayekimbilia kila kinachosogea na kung'ang'ania pindo la suruali yako, mwache. Aliyejificha nyuma ya mama hata baada ya nusu saa, mwache pia. Unamtaka wa katikati: anakuja, ananusa, anakwenda zake kulala. Mwinue, mlaze chali mapajani kwa sekunde 30. Apapatike kidogo kisha atulie. Dondosha sufuria mita chache kutoka kwake. Kushtuka ni sawa, muhimu ni arudi kuchunguza. Kisha omba mwenye mbwa alete kondoo jike mmoja mpole upande wa pili wa waya, na hapo ndipo utumie muda wako mwingi. Mtoto mzuri humkaribia kondoo kwa upande, kichwa chini, masikio yamelala nyuma, macho ameyaelekeza pembeni, mkia ukitikisika chini chini. Akifika hulamba midomo ya kondoo au hulala miguuni pake. Kondoo akimpiga kichwa, hujiviringisha chali, kisha hurudi. Akisimama wima, mwili umekakamaa, macho yamemganda kondoo na mguu mmoja umeinuliwa, huyo anawinda tayari. Kucheza nako ni sawa kwa umri huo. Kunyemelea si sawa kwa umri wowote.

Dume au jike? Wote hufanya kazi sawa. Kinachobadilisha mambo ni kuhasiwa. Jike asiyefungwa kizazi, akiingia joto, atakusanya madume ya kijiji kizima zizini, na hao ndio wale mbwa koko uliokuwa ukiwakimbia. Dume asiyehasiwa atayafuata majike ya jirani. Kwa mbegu kubwa ni vizuri kusubiri mifupa ikomae, miezi 12 hadi 18 hivi, lakini jike ambaye huwezi kumdhibiti kwa uzio afanyiwe mapema kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Usichukue watoto wawili wa uzao mmoja kwa pamoja, hata muuzaji akikupunguzia. Watashikamana wao kwa wao, si na kondoo, na wakifika miezi minane watavumbua mchezo wa kukimbiza kondoo, mmoja akifukuza na mwingine akimsubiri mbele. Chukua mmoja. Wa pili aje wa kwanza akiwa na miezi 18 hadi 24 na tayari anaaminika, ili awe mwalimu.

Akifika kwako, mtoto hapelekwi nyumbani hata usiku mmoja, hata akilia, na atalia. Zizi lake liwe na upana wa mita 3 kwa 3 hivi, liwe mahali unapopita mara nyingi, na ndani yake kuwe na kondoo watatu hadi sita wapole: walioachishwa ziwa au majike wakubwa waliozoea mbwa. Usimweke na jike aliyezaa karibuni wala na kondoo dume mkorofi, kwani mmoja wao anaweza kumvunja mbavu, na mbwa aliyeumizwa utotoni huja kuwa mwoga au mlipiza kisasi. Kona moja izibwe kwa mbao, iachwe nafasi ya sentimita 20 hadi 25 chini, apite yeye na kondoo wasipite. Humo ndimo analala, anakula na kukimbilia.

Chakula kikae humo pia, na hili lishikwe mbwa anapokua: atengenezewe kibanda cha kulia ambacho kondoo hawafiki, uwazi ukipanuliwa kadiri anavyonenepa, au kizingiti cha kuruka ambacho kondoo hawakiwezi. Kondoo ni wezi wa chakula cha mbwa. Kimejaa nafaka inayoweza kuwaletea asidi tumboni, na kina shaba ambayo mwili wa kondoo huihifadhi kwenye ini hadi iwe sumu. Upande wa pili wa shilingi ni mbwa kuanza kulinda bakuli lake dhidi ya kondoo; wengi wanaouma kondoo walianzia hapo. Mtoto ale mara tatu au nne kwa siku hadi miezi minne, kisha mara mbili. Asinenepeshwe wala asiongezewe madini ya chokaa, maana mbwa mkubwa anayekua haraka mno hupinda mifupa. Akiwa mzima, mwenye kilo 40 hadi 50, gramu 500 hadi 700 za chakula kikavu kwa siku humtosha akiwa hana kazi ya ziada. Mguse mbavu, zihisike kwa urahisi bila kuonekana.

Kuna ushauri wa zamani kwamba mbwa mlinzi asiguswe na mtu ili asisahau kondoo. Ushauri huo umeharibu mbwa wengi. Mguse kila siku, lakini mguse zizini, kati ya kondoo. Ajue jina lake, ajue kutembea kwa kamba, ajue kufungwa kwa dakika kadhaa, afunguliwe kinywa, akaguliwe masikio na katikati ya vidole ambako mbegu za nyasi huingia, apandishwe garini. Neno moja la makatazo linatosha, na liwe lilelile kwa kila mtu wa nyumbani. Mapenzi ya ugani na kulishwa jikoni ndiyo yanayomwondoa kundini.

Kipindi kigumu ni kati ya miezi 6 na 14, na hapa ndipo mbwa wengi wazuri hutupwa au kuuawa bila sababu. Mbwa barobaro ana mwili wa mtu mzima na akili ya kucheza. Atamvuta kondoo sufu ya shingoni, atamtafuna masikio, atamfukuza mwanakondoo kwa sababu anakimbia vizuri. Akimwangusha, mwanakondoo atakufa kwa kuchoka, hofu au kuvunjika. Mbwa hakumuua kwa njaa, na mara nyingi utamkuta amelala kando ya mzoga akiulamba. Dawa ni kumnyima nafasi. Barobaro asiachwe na wanakondoo bila mtu kumwangalia hadi awe na miezi 18, wengine 24. Mhamishie kwa majike wakubwa au kondoo dume wasiovumilia utani. Kichwa kimoja cha mbavuni humfundisha zaidi ya kelele zako. Ukimwona anaanza, yaani amesimama, amemkazia mmoja macho, mkia umekakamaa, hapo ndipo useme “Acha!” kwa sauti ya ghafla. Ukisubiri afukuze umechelewa, na ukimpiga saa moja baadaye hajui anapigiwa nini. Akirudia, mfunge kipande cha mti chenye urefu wa sentimita 75 hivi, kining'inie kikiwa kimelala, kwa mnyororo mfupi kutoka mkanda wa shingo hadi usawa wa magoti ya mbele. Akitembea hakimsumbui, akikimbia kinampiga miguu. Kitumike kwa wiki chache, mkanda ukikaguliwa kila siku usimchubue, na asivishwe penye vichaka vya kunasa. Mpe pia kazi: mzungushe mpakani asubuhi na jioni kwa kamba, mahali palepale kila siku. Mbwa aliyechoka kwa kutembea hachezi na kondoo.

Msimu wa kuzaa una mtihani wake. Mbwa mzuri hujilaza mbali kidogo, husubiri, kisha hula kondo la nyuma jike akishaondoka, na hilo ni jema kwa sababu linaondoa harufu inayoita maadui. Wengine huzidisha upendo: hulamba mwanakondoo kabla ya mama yake na kumzuia mama asimkaribie, hadi mtoto anakataliwa. Ukiona hivyo, mtoe mbwa kwa siku mbili tatu za mwanzo, akae upande wa pili wa waya akiona kila kitu.

Magonjwa nitayapitia haraka, isipokuwa moja. Chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe akiwa na wiki 12, irudiwe baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Chanjo za distempa na pavo, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, zianze wiki ya 6 hadi 8, zirudiwe kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Mbwa mwenye kifua kirefu anaweza kupatwa na tumbo kujisokota: anavimba ghafla, anajaribu kutapika bila kitu kutoka. Hiyo ni dharura ya saa chache, si ya kesho. Dawa za minyoo za kondoo asipewe kwa kukisia kipimo.

La kusimama kwalo ni tegu. Mbwa akila mzoga au matumbo ya kondoo yenye vifuko vya maji, minyoo hukomaa tumboni mwake, naye humwaga mayai malishoni. Kondoo wakila mayai hayo, aina moja ya tegu hupanda hadi kwenye ubongo. Kondoo huinamisha kichwa upande mmoja, huzunguka mahali pamoja, mwisho hufa. Nyingine huota vifuko kwenye ini na mapafu, na hiyo humpata binadamu pia, hasa watoto wanaomkumbatia mbwa. Kwa hiyo mbwa asipewe kamwe nyama mbichi ya kondoo, kichwa wala maini. Mizoga izikwe kwa kina asichokifukua au ichomwe. Mpe dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, maana yake mbwa wa kilo 40 apate miligramu 200, kila wiki 6. Muda huo una sababu: tegu wa vifuko vya ini huchukua takriban wiki 6 hadi 7 kabla ya kuanza kutoa mayai, nawe unamwahi. Mwenye kumpa mbwa dawa mara moja kwa mwaka hajakata mzunguko huo.

Majirani waambiwe kabla mbwa hajafika, si baada ya malalamiko. Kibao kiwekwe kwenye uzio kwa lugha wanayoisoma, kieleze kwamba kuna mbwa wa kulinda kondoo, wapita njia watembee taratibu, wasikimbie, wasimrushie mawe, na mbwa wao wafungwe kamba. Wenye kuweka sumu au mitego ya kuua wanyama waharibifu karibu nawe ni lazima uwajue, kwa sababu mbwa wako ndiye wa kwanza kuila. Mbwa avae mkanda wenye jina na namba ya simu hata kama hatoki.

Mwisho ni umri. Mbwa mkubwa huanza kuchoka akiwa na miaka minane au tisa, na anayefanya kazi milimani au penye maadui wengi huchoka mapema zaidi. Mtoto wa kumrithi aingie zizini mzee akiwa na miaka sita au saba, bado ana nguvu ya kumkataza akimgusa mwanakondoo. Anayesubiri mzee afe ndipo anunue mwingine atakaa miaka miwili bila mlinzi anayeaminika, tena akimlea barobaro bila msaidizi.

Wako,
Mfugaji wa kondoo